Udongo wa Mahurunga na Kazi ya Nyungunyungu

Katika kijitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Umoja wetu, wenzetu wameandika juu ya maghala, mizani na hesabu za mauzo. Sisi tumepewa kuandika habari za udongo. Twaliona jambo hili kuwa la haki, kwa kuwa korosho, mpunga na nazi hutoka udongoni kabla hazijafika ghalani. Na katika miaka yote hii mikutano yetu mikuu imezungumza bei mara nyingi sana, na udongo mara chache mno.

Msomaji wa mbali afahamu kwamba watu wa Mahurunga wanalima udongo wa namna mbili. Upande wa chini ni bonde la Ruvuma, ambako mto ukifurika huacha tope jipya, na mpunga huota juu ya tope hilo. Mkulima wa bondeni hugombana na viboko na mafuriko, lakini mbolea huletewa na mto bila kuitisha. Upande wa juu, kuelekea uwanda wa Wamakonde, ni mchanga. Huko hakuna mto wa kuleta kitu. Maji ya mvua huzama upesi na kwenda na rutuba, na kinachobaki kulisha mti ni majani ya mti wenyewe yaliyoanguka na kuoza.

Wazee wetu walilijua hilo pasipo kuandikiwa. Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyefika Newala mwaka wa 1906, alieleza jinsi Wamakonde walivyofyeka na kuchoma, wakalima miaka michache, kisha wakahamia pengine, na nyuma yao vikaota vichaka vizito visivyopitika. Wageni wengi waliuona mtindo huo kuwa ni uharibifu mtupu. Lakini vichaka vile ndivyo vilivyokuwa ghala la mbolea: kwa miaka mingi viliangusha majani, majani yakawa mboji, na siku mkulima aliporudi alikuta udongo umepumzika. Clement Gillman, aliyeijua nchi ya Tanganyika kwa kuitembea kwa miguu, aliandika mwaka wa 1945 makala maalumu juu ya kupumzisha ardhi kwa vichaka katika uwanda huu wa Makonde.

Desturi hiyo ilihitaji nafasi, na nafasi ilipungua. Mkorosho ulipoenea ulikaa mahali pamoja. Mti wa miaka 40 hauhamishwi kama shamba la mihogo. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu walikusanywa pamoja, mikorosho ya mbali ikaachwa porini, na ardhi iliyo karibu na vijiji ikalimwa mwaka hata mwaka bila kupumzika. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, hata sheria ya mwaka wa 1982 ilipoviruhusu tena. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia katika maua ya mikorosho. Mavuno ya nchi nzima, yaliyofikia kadiri ya tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka hata kadiri ya tani 17,000 katika msimu wa 1986/87. Hatusemi kwamba udongo ndio uliokuwa sababu kuu ya anguko hilo. Twasema tu kwamba wakati wote huo hakuna aliyeuuliza hali yake.

Dawa ya ubwiri unga ilikuwa salfa, na kwa kweli salfa iliiokoa korosho. Atakayebisha na aulize waliokuwa na mashamba wakati ule. Lakini unga ule hauishii majanini. Sehemu yake huanguka chini, na vijidudu vya udongoni huugeuza kuwa tindikali. Katika miaka ya 1990 watafiti waliopima udongo chini ya mikorosho ya kusini waliona tindikali ikiongezeka kwa sababu hiyo. Udongo wa mfinyanzi huweza kustahimili kwa muda mrefu. Mchanga wetu hauna ngao, isipokuwa ile mboji kidogo iliyomo. Na mboji hiyo ndiyo tunayoichoma. Kila mwaka kabla ya korosho kuanza kudondoka, tunafagia chini ya mikorosho ili tuokote kwa urahisi, tunakusanya majani, tunayatia moto. Baada ya miezi michache tunakuja katika chama kuomba mkopo wa mbolea.

Sasa tugeukie nyungunyungu, mnyama asiyeheshimiwa na mtu ila mvuvi anayetafuta chambo. Mwaka wa 1881 Charles Darwin, mwanachuoni mashuhuri wa Uingereza, alitoa kitabu kizima juu ya viumbe hao, mwaka mmoja tu kabla ya kufa kwake. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za nchi yake nyungunyungu hupitisha matumboni mwao na kupandisha juu zaidi ya tani 10 za udongo mkavu katika kila eka kwa mwaka. Mwaka wa 1944 wataalamu wawili wa Marekani, Lunt na Jacobson, walipima choo cha nyungunyungu wa shambani wakakilinganisha na udongo wa kando yake, wakakuta chakula cha mimea kilicho tayari kuliwa kimezidi mara kadhaa. Tusidanganyike hapa. Nyungunyungu haumbi chakula kutoka hewani. Huvunja na kukusanya kilichokuwamo. Asiyemlisha majani hatavuna kitu.

Tena nchi yetu si Uingereza. Mchanga wa juu hukauka kwa miezi mingi, na nyungunyungu hujificha chini au hufa. Wakati huo kazi ya kubeba majani hufanywa na mchwa, na ndiyo maana mkulima mwerevu huchukua udongo wa kichuguu kilichokufa akautia katika bustani yake. Hali kadhalika, nani asiyejua kwamba maboga mazuri kuliko yote huota jalalani, pasipo kupandwa na mtu?

Elimu ya lundo la mboji iliandikwa na Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi mjini Indore, India, tangu 1924 hadi 1931. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza mengi kwa wakulima wa India na kwa desturi za kale za China. Alipanga takataka za mimea tabaka kwa tabaka pamoja na samadi, udongo na majivu, akazinyunyizia maji, akazigeuza mara mbili, na kwa muda wa siku 90 hivi zikawa mboji. Katika miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Afrika Mashariki yalianza kufuata njia hiyo.

Kwetu njia hiyo yafaa, ila yahitaji kurekebishwa. Jani la mkorosho ni gumu na huoza polepole. Lisipokatwakatwa na kuchanganywa na majani mabichi na samadi ya mbuzi au ya kuku, lundo hukaa mwaka mzima likiwa vilevile. Mapumba ya mpunga kutoka bondeni hufaa kulegeza lundo, yasiwe mengi. Lundo jipya hupata joto kali, nalo huua nyungunyungu. Basi watiwe baada ya lundo kupoa, mahali penye kivuli, palipofunikwa makuti na kumwagiwa maji kidogo kidogo. Kuku na siafu wazuiwe. Bustani ya mchicha, nyanya na bamia ndiyo ianze kupewa mboji hiyo, kwa sababu ni ndogo na faida yake huonekana upesi. Mkorosho mkubwa hauwezi kushibishwa kwa ndoo mbili. Kwa huo yatosha kwanza kuacha kuchoma, na majani yaliyofagiliwa yarudishwe kuuzunguka baada ya mavuno.

Wapo wanachama wanaosema kwamba haya ni maneno ya umaskini, na kwamba Umoja wenye nguvu unapaswa kuwanunulia watu wake mbolea ya mfuko. Neno lao lina uzito. Maji ya kunyunyizia lundo hubebwa kichwani, na mara nyingi kichwa hicho ni cha mama, ambaye jina lake halimo katika daftari la chama. Lakini mbolea ya mfuko nayo tumeiona. Kiwanda cha Tanga kilichoanza kuitengeneza mwaka wa 1972 kilifungwa mwaka wa 1991; na bei ilipopanda duniani, Serikali ililazimika kurudisha ruzuku mwaka wa 2022. Tena mfuko ukimwagwa katika mchanga usio na mboji, mvua kubwa ya kwanza huenda nao.

Katika madaftari ya vyama vyetu vya msingi kuna ukurasa wa salfa, wa magunia na wa mikopo. Ukurasa wa mboji haumo. Twaomba makatibu waufungue kabla ya mwezi wa Agosti, majani yangali chini na viberiti vingali mifukoni.