Majina ya Wanawake Katika Kuta za Thanjavur

Hekalu la Brihadisvara lililoko Thanjavur, kusini mwa India, lilikamilika mwaka 1010, enzi za mfalme Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola. Wengi huusifu mnara wake wa mawe ya matale, wenye takriban mita 60. Sisi tumevutiwa zaidi na kuta za chini. Hapo yamechongwa kwa Kitamil majina ya wanawake wapatao 400, wacheza ngoma wa hekalu: mtaa wa kila mmoja, nyumba yake, mgao wake wa mpunga, hata hekalu alilotoka, maana walihamishwa kutoka sehemu nyingi za ufalme. Wafalme tumeshawasoma vya kutosha. Hawa ndio wageni kwetu. Ukuta unataja hata upande wa barabara waliokaa. Kama walikuja kwa hiari, hausemi.