Abiria wa Mbele

Siku hizi ndege ndogo ikipita juu ya Murera, watu huinua macho kwanza. Tarehe 7 Agosti 2025, ndege ya kubeba wagonjwa iliyokuwa imetoka Wilson ilianguka Mwihoko, hapo Ruiru tu. Wanne waliokuwa ndani walikufa. Wawili waliokuwa chini pia. Jioni hiyo mama alitaka kujua kitu kimoja: "Hao wawili wa chini ni watoto wa nani?"

Swali hilo ndilo lilinipeleka Voi, 14 Mei 1931.

Siku hiyo Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyewapeleka matajiri kuwinda, alipaa na Gipsy Moth yake. Kandege kenyewe kalikuwa ka mbao na kitambaa, viti viwili visivyo na paa, abiria mbele, rubani nyuma. Kalizunguka uwanja, kisha kakaanguka na kushika moto. Finch Hatton alikufa. Alikufa pia mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Ndege ndogo haiogopi mawingu sana kama inavyoogopa ardhi. Ikipoteza mwendo ukiwa juu, unashusha pua, kasi inarudi, mnaendelea na safari. Lakini ukikata kona ukiwa chini, umetoka tu kupaa au unajipanga kutua, na mwendo ni mdogo, bawa linaacha kubeba. Ndege inapinduka na ardhi inakufikia kabla hujarekebisha chochote. Ndiyo maana ajali nyingi hutokea karibu na uwanja, mahali ambapo watu wanaishi na kufanya kazi zao.

Miaka mitatu kabla ya Voi, 12 Machi 1928, Maia Carberry alianguka Nairobi akimfundisha Dudley Cowie kurusha ndege. Wote wawili walikufa.

Sasa tazama majina. Cowie alikuwa mwanafunzi tu, lakini yuko na yake mawili kamili. Finch Hatton alizikwa vilima vya Ngong, akajengewa nguzo, Karen Blixen akamwandika kitabuni, na 1985 Hollywood ikampa sura ya Robert Redford. Kamau amebaki Kamau. Nenda steji ya Ruiru saa hii uite "Kamau!" uone watakaogeuka.

Mimi niliacha chuo kabla sijamaliza, kwa hivyo sina digrii ya kukutisha nayo. Lakini hesabu hii haitaki digrii. Ndege ilikuwa moja, moto mmoja, na maiti mbili. Kaburi moja ndilo watalii wanaloonyeshwa.

Juzi nilimsimulia mama habari za Voi. Nilianza na Finch Hatton, wawindaji, ile filamu. Alisikiliza akichambua mboga. Nilipofika kwa mtumishi, mkono ukasimama.

"Kamau wa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na mboga zake.