Sola ya Misri ya 1913, na Waliokuwa Mezani

Watu wakiongea kuhusu sola ya jangwani, utadhani ni kitu cha kesho. Wacha niwapeleke Maadi, kusini mwa Cairo, mwaka 1913.

Mvumbuzi Mmarekani, Frank Shuman wa Philadelphia, alijenga hapo mtambo wa jua. Si paneli, hizo zilikuwa bado. Ni safu tano za vioo vilivyopinda kama gata ya paa, kila safu mita 62 kwa urefu, na zilikuwa zinageuka polepole kulifuata jua. Katikati ya kila safu kulipita chombo kirefu cha maji. Kioo kinarusha joto hapo, maji yanakuwa mvuke, mvuke unaendesha injini, injini inavuta maji ya Mto Nile hadi kwa mashamba ya pamba. Zaidi ya lita 20,000 kwa dakika! Vyombo vya kwanza vilikuwa vya zinki, vikalegea kwa joto, ikabidi aweke vya chuma. Yaani shida yao ilikuwa joto limezidi.

Na hesabu ilikuwa inaingia. Makaa ya mawe yalikuwa yanaletwa kwa meli kutoka Uingereza, bei yake si ya mchezo. Jua lilikuwa hapo, bure. Kitchener, mwakilishi wa Uingereza huko Misri, aliipenda hii kitu mpaka akamwahidi Shuman ekari 30,000 za pamba Sudan. Wajerumani nao wakaahidi pesa, wakifikiria makoloni yao Afrika.

Sasa angalia nani ako kwa hiyo meza. Mmarekani, Mwingereza, Mjerumani. Mmisri hayuko. Maji ni ya pamba, na pamba inaenda viwanda vya Uingereza.

Ndiyo maana vita vilipoanza 1914 kila kitu kilianguka haraka hivyo. Mafundi walirudi kwao, mtambo ukabomolewa, Shuman akafa 1918. Baadaye mafuta yakawa rahisi na hakuna mtu alikuwa na haja tena. Wengi husema teknolojia ilikuwa mapema mno. Mimi sikubali. Mashine ilifanya kazi, lakini wenye jua hawakuwa wenye mashine.

Leo kusini mwa Misri, karibu na Aswan, kuna Benban, iliyokamilika 2019, karibu megawati 1,500. Enyewe ni kubwa. Lakini 2023 na 2024 Wamisri walikatiwa stima kwa zamu, saa nzima, wakati mwingine mbili kwa siku, juu gesi inayoendesha mitambo yao mingi haikutosha. Chini ya jua hilo hilo!

Na tayari kuna mpango wa kupitisha waya chini ya bahari, upeleke stima ya Misri hadi Ugiriki. Sina shida na waya. Nataka tu kujua, siku haitoshi, ni Cairo watazimiwa ama ni Athens?