Wafumaji wa Soksi wa Bonde la Dent

Yamkini umemwona mama mzee ameketi barazani jioni, sindano mikononi, uzi wa sufu ukitoka kikapuni, naye akizungumza na jirani bila kuitazama kazi yake. Kazi hiyo huonekana kuwa ya kupitishia wakati tu. Walakini liko bonde moja ambalo zamani watu wake walivaa na kulipa madeni yao kwa kazi hiyo, nami nataka kueleza habari zake.

Bonde hilo huitwa Dent, kaskazini ya Uingereza, katikati ya milima yenye mvua na baridi. Zamani lilihesabiwa kuwa la Yorkshire. Tangu mwaka 1974 limo katika Cumbria. Nchi ile haifai sana kwa nafaka, bali majani ni tele, kwa hiyo wenyeji tangu kale ni wafugaji wa kondoo na ng'ombe. Wengi wao walikuwa na mashamba madogo waliyorithi kwa baba zao. Shamba la namna hiyo lilimlisha mtu, lakini fedha halikumpa. Fedha ilitoka katika soksi.

Wote walifuma, wanaume kwa wanawake, na watoto pia. Mfumaji alichomeka mshipini kijiti chenye tundu nchani, akatia humo mwisho wa sindano moja, hata mkono wake ukawa huru kurusha uzi upesi. Mara nyingi kijana alimchongea mchumba wake kijiti chenye nakshi. Kwa kuwa kazi ilishikwa kiunoni, mtu aliweza kufuma huku anatembea, akichunga kondoo au akienda sokoni. Soksi hufumwa kwa sindano nne au zaidi, kwa mviringo, bila mshono. Penye kisigino ndipo pagumu, maana hapo mfumaji huacha mviringo, akaenda na kurudi, kisha hupunguza vitanzi mpaka soksi ipinde kama mguu upindavyo. Nimepata kujaribu mwenyewe, na soksi yangu ya kwanza haikumfaa mtu wala mnyama.

Wakati wa baridi usiku wa huko ni mrefu, na mishumaa ilikuwa ghali. Basi majirani walikusanyika leo nyumba hii, kesho nyumba ile, wakauzunguka moto mmoja, kila mtu na kazi yake. Waliimba, wakasimulia hadithi. Tena msichana ajuaye kusoma aliombwa awasomee wenzake sura ya Robinson Crusoe, naye alisoma bila kuziacha sindano zake. Aliyetuandikia hayo ni Adam Sedgwick, mwana wa kasisi wa Dent, aliyezaliwa mwaka 1785, akawa mwalimu mkuu wa elimu ya miamba huko Cambridge. Aliyaandika mwaka 1868, naye amekwisha kuwa mzee, na maneno yake yana huzuni ya mtu aonaye kitu kizuri kikipotea.

Mimi humsadiki, lakini si yeye peke yake aliyesema. Yuko mwanamke aitwaye Betty Yewdale, wa bonde la Langdale, ambaye habari zake zilichapishwa mwaka 1847 katika kitabu cha Robert Southey. Yeye na mdogo wake, wangali watoto kabisa, walipelekwa Dent kujifunza kufuma. Huko waliwakuta watu wanaoitwa wafumaji wa kutisha, yaani kwa bidii na wepesi wao. Kazi haikuwa na mwisho, chakula hawakukizoea, na kwao kulikuwa mbali. Siku moja wakatoroka, wakaenda kwa miguu, wakiomba chakula njiani, hata wakafika kwa mama yao. Moto ule ule uliomtia Sedgwick furaha, watoto hawa waliukimbia. Sharti tuwasikilize wote wawili.

Kazi hii ilikwisha kwa sababu zaidi ya moja. Mwaka 1589 mtu wa Nottinghamshire, jina lake William Lee, alikuwa amebuni mtambo wa kufumia soksi. Malkia Elizabeth alikataa kumpa hati ya kuulinda, basi Lee akahamia Ufaransa, akafa huko. Mtambo wake haukufa. Ulienea katika Uingereza, na hapo nyuma wafumaji wa mitambo nao walipunjwa ujira, hata mwaka 1811 wengine wakaanza kuivunja usiku. Mwaka uliofuata serikali ikaweka sheria ya kumwua mtu avunjaye mtambo. Tena wanaume waliacha suruali fupi za kuishia magotini, wakavaa ndefu. Na nani atanunua soksi ndefu zisizoonekana? Watu wa Dent waliendelea kidogo kidogo kwa soksi nene, hata vizee vya mwisho vikafa.

Kondoo wangaliko milimani. Katika njia ya mawe ya kijiji liko jiwe kubwa la matale lenye jina la Adam Sedgwick, na maji hutoka ndani yake. Jina la Betty Yewdale halikuchongwa juu ya jiwe lile.