Milima ya Masasi na Shimo la Mungu: pa kuanzia kuchora na kupiga picha

Ukisema unataka kuchora picha ya kuuza, wengi watakuambia chora simba, twiga au Mlima Kilimanjaro. Sisi tunadhani anayeishi Masasi au Newala ana kitu kingine mlangoni kwake.

Masasi ina milima ya mawe kama Mtandi, iliyochomoza peke yake kwenye tambarare. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, na chini unaliona bonde la Mto Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji.

Mandhari haya yamepigwa picha zamani. Mwaka 1906, moto wa Maji Maji ukiwa haujapoa, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi na Newala akiwa na kamera. Jambo linalotuvutia zaidi ni kwamba aliwapa wenyeji na wapagazi wake karatasi na penseli wachore wenyewe, kisha baadhi ya michoro yao ikachapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908.

Kuna pia George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi. Alianza kwa kuchonga. Alipohamia Dar es Salaam alifanya kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa kabla ya kuwa msanii pale, na mashetani ya vinyago akayahamishia kwenye rangi. Wachongaji wa mashetani hawalazimishi gogo la mpingo linyooke. Lilipopinda, wanafuata. Mchoraji naye anaweza kuutazama mwamba au mkorosho mkongwe kwa jicho hilohilo, akaanza na umbo lililopo.

Kwa mwenye simu, shida kubwa ni jua la mchana. Saa sita mwamba hauna kivuli, kwa hiyo kwenye picha unaonekana bapa kama ukuta. Nenda saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa ubavuni mwako. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana vumbi la kiangazi hufanya picha iwe na ukungu. Usivute picha kwa vidole. Sogea mwenyewe, ila pale Shimo la Mungu usisogee ukingoni! Msimu wa kupulizia mikorosho salfa, asubuhi moshi wake hutanda kati ya miti na kuonyesha miale ya jua. Piga ukiwa mbali, usiuvute.

Asiye na simu nzuri achukue mkaa na karatasi yoyote. Udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na gundi ya maji hutoa rangi nzuri ya ardhi.

Nyuma ya kila picha andika mahali na tarehe. Mkorosho ule ukikatwa mwakani, mjukuu atajua ulisimama wapi.