Safu ya Lugha: Grep

Katika ed, kihariri cha zamani cha Unix, amri g/re/p ilimaanisha: pitia faili lote, tafuta kila mstari unaolingana na ruwaza, uuchapishe. Ken Thompson wa Bell Labs akaifanya kazi hiyo programu ya pekee, na mwaka 1973 grep ikaingia Unix kwa herufi hizo hizo. Ninachokipenda zaidi ni jibu lake la kimyakimya: ikipata, hurudisha 0, isipopata, 1. Skripti inaweza kusoma namba hiyo, kisha ikapiga kengele ya teminali, yaani alama namba 7 ya ASCII, ambayo kwenye teletaipu iligonga kengele halisi. Kama tafsiri ya grep kwa Kiswahili nachagua “chekecha”. “Tafuta” haisemi kwamba mistari mingine yote huachwa.