Neno la leo: Kubariki

Hapa Katoyi, komini ya Karisimbi mjini Goma, ukisikia "ndoa yao imebarikiwa" unaelewa kwamba watu wawili waliokuwa wakiishi pamoja wamekwenda kanisani na kufungishwa ndoa. Ndiyo maana waraka wa Vatikani wa tarehe 18 Desemba 2023, Fiducia Supplicans, uliwashtua waumini wengi. Wenyewe uliruhusu sala fupi ya baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, bila ibada rasmi, bila kugusa mafundisho ya ndoa. Lakini masikio yetu yalikwisha kusikia harusi. Tarehe 11 Januari 2024 Kadinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa alitangaza kuwa maaskofu wa Afrika, kwa jumla, hawaoni inafaa kutoa baraka hizo.

Wanaotetea haki za mashoga mbele ya waumini huazima maneno ya kanisani: upendo, jirani, mwana wa Mungu. Wana haki nayo. Askofu mstaafu wa Kianglikana Christopher Senyonjo wa Uganda ameyatumia kwa miaka mingi. Ila "baraka" huziba masikio kabla hoja haijasikika. Papa Fransisko alifanya vizuri zaidi Januari 2023 alipotenganisha dhambi na uhalifu kuhusu ushoga: hapo hata mwenye msimamo mkali anaweza kusikiliza.

Katiba yetu ya Kongo nayo, ibara ya 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti. Ibara ya 16 inasema mwanadamu ni mtakatifu na Serikali inapaswa kumlinda. Watetezi na wahubiri, anzieni na hiyo ya 16.